Hewa ilivuja kifuani mwa mwanangu njiti: je, mashine ndiyo iliyompasua mapafu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nilijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa na wiki 29, akiwa na gramu 1,150. Chupa ilipasuka usiku, nikafika hospitali alfajiri, na kabla jua halijachomoza mtoto alikuwa ameshatoka. Alikuwa anaguna na kifua kinabonyea, wakamwekea mashine ya CPAP, ile yenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Siku ya pili mchana akabadilika ghafla, akawa wa bluu. Daktari alizima taa, akammulika kifuani kwa tochi, akamchoma sindano. Baadaye wakamwekea mpira kifuani, ukaenda kwenye chupa nyingine chini ya kitanda. Tukaambiwa hewa imevuja. Mpira umeshatolewa, mashine na oksijeni vimeshaondolewa, niko naye kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani, na anakaribia kilo moja na nusu. Ila mama mkwe anasema mashine ndiyo iliyompasua mapafu, kwamba tungeikataa angepewa oksijeni ya kawaida tu. Mume wangu amenyamaza, lakini naona naye anaamini hivyo. Je, ni kweli? Mapafu yake yatakuwa mabovu? Hewa inaweza kuvuja tena? Naogopa hata akilia. Na nikishika mimba nyingine nifanye nini?

Mama wa njiti, Iringa

JIBU: Marahaba, mama. Hongera kwa mtoto, na pole kwa yote uliyopitia. Kutoka gramu 1,150 hadi kukaribia kilo moja na nusu si jambo dogo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo umeifanya wewe kwa maziwa yako na kifua chako.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Mama mkwe hajasema uongo mtupu: presha ya mashine, yaani msukumo wa hewa unaoshikilia mapafu yasilale, inaweza kuchangia hewa kuvuja, na daktari atakayekuambia haihusiki kabisa anakupoza tu. Anapokosea ni kudhani kwamba bila mashine mtoto angekuwa salama. Mapafu ya wiki 29 yana ugonjwa wake, na ugonjwa huo ndio chanzo. Mwanao angeachwa na oksijeni ya puani peke yake, hatari ya kumpoteza ingekuwa kubwa kuliko hatari ya hewa kuvuja, ambayo ikigunduliwa mapema inatibika. Naomba mume wako naye asome jibu hili lote.

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno vya hewa, na kuta zake zina unyevunyevu. Unyevu huo huvuta kuta zishikane. Unaikumbuka mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019? Ukiulowesha ndani, kuta zinagandana, na kuufungua kwa pumzi inabidi upulize kwa nguvu. Mtoto aliyetimiza miezi yake hapati taabu hiyo, kwa sababu mapafu yake yameshatengeneza utelezi wa mafuta na protini uitwao surfaktanti, unaozuia kuta zisigandane kila anaposhusha pumzi. Utelezi huu huanza kutengenezwa kidogo kidogo kuanzia kama wiki ya 24, na kwa watoto wengi huwa wa kutosha kwenye wiki ya 34 au 35. Mwanao alikuja kabla haujatosha. Kule kuguna ulikosikia ni yeye mwenyewe akibana koo ili hewa kidogo ibaki ndani na vifuko visilale. Na kubonyea kwa kifua ni mbavu zake laini zikivutwa ndani kwa jinsi anavyojitahidi.

Sasa, mapafu ya namna hii hayaharibiki sawasawa. Vifuko vingi vimelala, vichache viko wazi. Hewa hufuata penye wepesi, kwa hiyo vile vilivyo wazi hupokea mgao wao pamoja na mgao wa vilivyolala. Vinatanuka, vinatanuka, hadi ukuta wa kimoja unachanika. Hewa inayotoka hapo hairudi kwenye njia yake. Inatambaa kando ya mishipa ya damu kuelekea katikati ya kifua, kisha inatoboa utando na kujaa katika nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua. Njia hiyo ilionyeshwa na mtafiti wa Kanada, Charles Macklin, tangu mwaka 1939, miongo kadhaa kabla CPAP haijawekwa kwa mtoto yeyote. Hewa ikifika hapo ndipo tunasema mtoto ana nimothoraksi. Wakati mwingine huishia njiani: hunasa ndani ya nyama ya pafu, au hukusanyika katikati ya kifua, na mara chache sana huuzunguka moyo, na hiyo ni dharura ya kutisha kuliko zote. Kwa maelezo yako, ya mwanao ilikuwa ile ya kwanza, ambayo ndiyo tunayoijua vizuri zaidi kuitibu.

Watoto ambao hawajawahi kuguswa na mashine nao huvujisha hewa. Katika watoto waliotimiza miezi tisa, takriban 1 hadi 2 kati ya 100 wakipigwa eksirei mara baada ya kuzaliwa huonekana na hewa kidogo nje ya pafu, iliyotokana na nguvu ya pumzi zao za mwanzo. Wengi wao hakuna anayejua, na inakauka yenyewe.

Lakini nilisema presha inaweza kuchangia, basi nikupe ushahidi wake. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliopewa jina la COIN, ulioongozwa na madaktari wa Australia, kwa watoto 610 waliozaliwa kati ya wiki 25 na 28. Nusu waliwekwa CPAP tangu kuzaliwa kwa presha ya sentimita 8 za maji (presha hii hupimwa kwa kina cha maji), nusu wakaingizwa mpira kooni na kupumuliwa na ventileta. Nimothoraksi ilitokea kwa asilimia 9 ya wale wa CPAP na asilimia 3 ya wale wa ventileta. Ukiishia hapo, mama mkwe ameshinda kesi. Ukiendelea kusoma unakuta kwamba waliokufa au kubaki wakihitaji oksijeni hadi wiki ya 36 hawakuzidi katika kundi la CPAP, na watoto wa kundi hilo walikaa siku chache zaidi kwenye ventileta. Miaka miwili baadaye utafiti mkubwa wa Marekani ulianzia CPAP ya sentimita 5, na humo tofauti ya nimothoraksi haikuonekana. Kwa hiyo, kwetu tunaofanya kazi hii, jambo la kujiuliza ni presha kiasi gani, kwa mtoto yupi, na nani anamwangalia.

Ama oksijeni ya kawaida. Oksijeni ya mrija wa puani huongeza kilicho ndani ya hewa, haifungui kifuko kilicholala. Mwezi Agosti 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani alifiwa na mwanawe Patrick, aliyezaliwa kabla ya wakati kwa wiki tano na nusu hivi, akiwa na zaidi ya kilo mbili, akaugua ugonjwa huu huu. Alipelekwa Boston, akawekwa hadi kwenye chumba cha oksijeni yenye mgandamizo mkubwa. Hakumaliza siku mbili. Mtoto wa mtu mwenye madaraka kuliko wote duniani, tena aliyekaribia mara mbili ya uzito wa mwanao, alikufa kwa sababu kilichokuwepo wakati ule kilikuwa oksijeni. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walitangaza kwamba wamewawekea watoto 20 waliozidiwa presha ya kudumu ya kushikilia mapafu yasilale, na 16 wakapona. Hiyo ndiyo CPAP.

Na kama Boston na San Francisco ni mbali, twende jirani na kwenu, Malawi. Hospitali ya Queen Elizabeth pale Blantyre ilitumia CPAP ya mapovu ya bei nafuu kwa watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua, na matokeo yakachapishwa 2014: waliopona ni asilimia 71, wakati kwa wale waliopata oksijeni ya puani peke yake ni asilimia 44. Watoto hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo mtaalamu mkali anaweza kuyapunguzia uzito matokeo hayo. Mimi nimekaa katika wodi za njiti kabla CPAP haijafika na baada ya kufika, na tofauti hiyo hainishangazi hata kidogo.

Tuje kwenye ule mchana. Umeandika kwamba alibadilika ghafla, na hivyo ndivyo inavyokuwa. Mtoto mwenye maambukizi huzorota kwa saa nyingi. Mwenye hewa iliyovuja anaweza kubadilika wakati muuguzi anamalizia kuandika kadi yake. Kila pumzi inaongeza hewa isiyo na pa kutokea, pafu linabanwa, na ikizidi moyo unasukumwa upande wa pili na damu inashindwa kurudi ndani yake. Hapo mapigo hushuka na rangi hubadilika. Hutokea zaidi katika siku tatu za mwanzo, na mara nyingi siku ya pili au ya tatu, kwa sababu inayoonekana kama kinyume: mapafu yanaanza kulainika. Presha iliyokuwa saizi yake jana leo imekuwa nyingi.

Ile tochi haikuwa ya kutafutia kitu kilichoanguka. Ni taa isiyo na joto. Kifua cha njiti ni chembamba mno, na hewa ikiwa imejaa chini ya ukuta wake, mwanga hausambai kama kawaida. Upande wenye hewa hung'aa wote, mwekundu, wakati upande usio na tatizo huonyesha duara dogo tu kuzunguka tochi. Taa huzimwa ili tofauti hiyo ionekane. Wazazi wengi huuliza kwa nini hawakungoja eksirei kwanza. Mtoto anayezimika hangojewi picha. Eksirei huja baadaye kuthibitisha na kuonyesha mpira umekaa wapi. Siku hizi penye kifaa na mtu aliyefundishwa hutumika pia ultrasaundi ya kifua, na ni ya haraka.

Sindano waliyomchoma huwa nyembamba, ile ya mabawa, inayopitishwa juu kabisa ya ukingo wa ubavu, kwani mishipa ya damu hupita chini ya ubavu. Hewa huvutwa kwa bomba, sirinji baada ya sirinji. Wakati mwingine rangi ya mtoto hurudi sirinji ya pili haijajaa. Lakini sindano ni ya kununua muda. Kama tundu bado linatoa hewa, mtoto akiwa kwenye presha, hewa itajaa tena, ndiyo maana ukawekwa mpira. Si kila mtoto huhitaji hivyo. Hewa ikiwa kidogo na mtoto ametulia, tunamwangalia tu kwa karibu. Zamani baadhi ya wodi zilikuwa zikimpa mtoto oksijeni ya asilimia 100 eti ifyonze hewa iliyovuja. Kwa njiti hatufanyi hivyo, kwa sababu oksijeni ya kupita kiasi huharibu macho yake.

Mwanao alikuwa na chupa mbili, na najua akina mama wengi huzichanganya. Nimewahi kumkuta mama analia kwa sababu ile ya chini imeacha kutoa mapovu. Ziko kinyume. Chupa ya CPAP inapaswa kutoa mapovu muda wote: mrija umezama ndani ya maji, tuseme sentimita 6, na kina hicho ndicho presha anayoipata mtoto. Mapovu yakikoma, presha haimfikii. Pengine mirija ya puani imechomoka, au kiungio kimeachia, na hapo unamwita muuguzi mara moja. Chupa ya kifua, kila povu ni hewa inayotoka kwenye lile tundu. Tunayataka yapungue na yakome. Yakikoma huku maji ndani ya mrija bado yanapanda na kushuka kidogo kufuata pumzi, mara nyingi maana yake ni kwamba tundu limeziba na mpira uko wazi. Yakikoma na maji nayo yasichezecheze, inabidi muuguzi akague kama mpira umejikunja au umeziba. Mapovu yakishakosekana kwa saa 24 au zaidi na eksirei ikiwa safi, mpira hutolewa. Na chupa hii hukaa chini ya kitanda siku zote. Ikiinuliwa juu ya mtoto, maji yanaweza kurudi kifuani.

Hukuuliza kama kuna aliyekosea, lakini nyuma ya maneno ya mama mkwe swali hilo lipo. Siwezi kumhukumu mtu kwa barua. Ninachoweza ni kukupa maswali ambayo una haki ya kumuuliza daktari wa wodi, kwa heshima, na yeye ana wajibu wa kuyajibu. CPAP ilianza na sentimita ngapi, na siku ya pili ilikuwa ngapi? Alikuwa anatumia oksijeni asilimia ngapi asubuhi ile, na ilikuwa inapanda au inashuka? Alipozaliwa, alisaidiwa kupumua kwa begi la mkono? Maana begi likibanwa kwa pupa linaweza kumwaga presha kubwa kuliko mashine yoyote iliyopo wodini. Alipewa dawa ya surfaktanti? Hii hutengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe au nguruwe, humiminwa moja kwa moja kwenye mapafu ya mtoto, na inapunguza uvujaji wa hewa. Kwa bahati mbaya bei yake ni kubwa na hospitali zetu nyingi hazinayo. Kama haikutolewa, usichukulie kuwa ni uzembe.

Kuna kosa moja dogo ambalo mimi hulitafuta kila ninapopita kwenye wodi yenye CPAP za mapovu. Hewa inayotoka kwa mtoto ina mvuke. Mvuke hupoa ndani ya mpira, unakuwa matone, matone yanateremka kwenye chupa. Baada ya saa kadhaa kina cha maji kimeongezeka. Mrija hakuna aliyeugusa, kadi inasema sentimita 6, lakini mtoto anapata 8. Chupa nzuri zina tundu la kumwagia maji yaliyozidi. Zile za kuungaunga mara nyingi hazina. Kwa hiyo kiwango cha maji hukaguliwa kila mara vipimo vingine vinapochukuliwa, na mama aliyekaa pembeni ya mtoto kutwa nzima anaweza kuwa wa kwanza kuona kwamba maji yamepanda. Hakuna ubaya kusema, "Nesi, naona maji yamezidi ule mstari."

Sasa mapafu yake. Lile tundu limeshafunga. Tishu za pafu la mtoto mchanga hupona ndani ya siku chache, na pafu lililobanwa hutanuka tena. Kuvuja kwenyewe hakuachi pafu bovu la maisha. Kinachoamua zaidi ni jinsi mapafu yalivyokuwa machanga na muda aliohitaji presha na oksijeni. Tunaanza kuzungumzia ugonjwa sugu wa mapafu ya njiti pale mtoto anapokuwa bado anategemea oksijeni au mashine akifikisha wiki 36, tukihesabu tangu mimba. Wa kwako ameshaachana na vyote, na hiyo ni dalili njema sana. Hata hivyo njiti wengi, wenye hewa iliyovuja na wasio nayo, hupata vikohozi na kifua kubana zaidi ya wenzao katika miaka miwili ya mwanzo. Moshi ndio adui wake mkubwa. Huko kwenu baridi ya Juni na Julai naijua, na najua watu huingiza jiko la mkaa chumbani kumpa mtoto joto. Usifanye hivyo, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi. Gesi ya mkaa huua watu wazima, sembuse yeye. Joto lake ni ngozi yako, kofia na soksi. Chanjo apewe kwa umri wake tangu siku aliyozaliwa, sio kwa umri wa mimba.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa uyafuatilie kabla hujaruhusiwa. Hewa ikibana kifua ghafla, damu ya kichwani hushindwa kushuka vizuri, na mishipa ya ubongo wa njiti ni dhaifu, kwa hiyo uwezekano wa damu kuvuja ndani ya kichwa huongezeka. Uliza kama alifanyiwa ultrasaundi ya kichwa kupitia utosi. Haina maumivu wala mionzi. La pili ni macho: njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 32 akapewa oksijeni anatakiwa kuangaliwa na daktari wa macho akiwa na kama wiki nne tangu kuzaliwa. Kama hospitali yenu haina mtaalamu huyo, omba barua ya rufaa uandikiwe kabla ya kutoka, usingoje kliniki. Tatizo hilo la macho halionekani kwa nje, na muda wa kulitibu ni mfupi.

Kuhusu kuvuja tena: kwa mtoto aliyekwishaondolewa kwenye presha na anayepumua hewa ya kawaida bila taabu, ni nadra sana. Mwache alie, mama. Kilio cha mtoto mwenye njaa hakipasui pafu lililokwishapona, na mtoto anayebembelezwa usiku kucha kwa hofu atakuchosha ushindwe hata kukamua maziwa. Kinachotakiwa kukurudisha hospitali mbio ni kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea, kuguna kama kule kwa mwanzo, midomo kuwa ya bluu, kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa, au kukataa kunyonya. Hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama tumbo, maana njiti hupumua haraka, akatulia kidogo, akaanza tena, na ukihesabu kwa robo dakika utajidanganya.

Mimba nyingine. Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia, ingawa wengi hawarudii. Anza kliniki kabla ya wiki 12, na neno la kwanza unalomwambia muuguzi liwe hilo: nilijifungua wiki ya 29, chupa ilipasuka. Watapima mkojo, presha ya damu, malaria na maambukizi mengine, na panapowezekana watapima urefu wa mlango wa kizazi kwa ultrasaundi. Chupa ikipasuka tena mapema, au ukisikia mgongo na tumbo vinabana kwa mpangilio, usisubiri kupambazuke. Najua usiku usafiri ni shida. Panga mapema na mwenye bajaji au gari, na uwe na namba yake.

Sababu ya haraka hiyo ni sindano za kukomaza mapafu. Historia yake inaanzia kwa kondoo. Daktari Graham Liggins wa New Zealand alikuwa anachunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo, akaona mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa ya steroidi anapumua, wakati alitarajiwa kuwa amekufa. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo kwa binadamu. Katika nchi kama zetu jambo lilibishaniwa muda mrefu, mpaka utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2020, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki. Mama waliokuwa na mimba ya wiki 26 hadi 33 walipewa deksamethasoni, ambayo ni steroidi, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na 23.5 kwa wasiopata. Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Kinachohitajika ni muda, kwani hufanya kazi vizuri zaidi ikipata siku nzima kabla ya kujifungua, na hospitali yenye uwezo wa kumhudumia njiti akishazaliwa. Safari hii wewe hukupata hata saa tatu, na hilo halikuwa mikononi mwa mtu. Ukiwa bado hujajifungua na hospitali uliyofika haina CPAP, kubali rufaa upelekwe penye nayo mtoto akiwa bado tumboni, kama daktari anaona muda upo.

Lile kovu la mpira litabaki dogo, kama sentimita moja, na litasogea kadiri mbavu zinavyokua. Kangaruu endelea nayo kama kawaida, hata kwa upande huo, maadamu ngozi imefunga. Mahali hapo pakiwa pekundu, pakivimba au pakitoa usaha, mwonyeshe muuguzi siku hiyo hiyo, na usipake kitu chochote, hata kama ni mama mkwe aliyeleta.